Vyeti Vikavu
Wiki hii, stendi ya Same, nilimwona mama aliyeteremka kutoka milimani akifungua kifuko cha nailoni chenye zipu: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha NIDA, vyote vikavu ilhali kanga yake imelowa chepechepe. Nilimheshimu papo hapo. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania, na naunga mkono. Mifuko ile ilitupwa siku ileile. Lakini kifuko cha mama huyu hufutwa, huanikwa, hutumika tena. Kilichotunzwa mchana hakitafutwi usiku. Mama yangu naye alitunza vyeti vyetu sote, peke yake. Baba asiyejua cheti cha mwanawe kilipo, malezi kamwachia mwenzake.