MKE ANATOKA DAMU, MUME ANASUBIRIWA KWENYE SIMU



Ndugu zangu wa Buhongwa, na nyinyi mnaonisoma mkiwa kwingine, leo naongea na wanaume.

Tuna sababu ya kusema Alhamdulillah. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Lakini maradhi yenyewe hayajahama: kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili tu. Kutoka Buhongwa mpaka Bugando unapita Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, na foleni unaijua. Ukiongeza saa nzima ya "ngoja tumpate mume kwanza", imebaki nini?

Utamsikia mtu: akifa na uzazi ni shahidi. Ni kweli, imepokewa katika hadithi. Ila hiyo ni faraja ya wafiwa, si ruhusa ya mume kuzembea. Aliyekufa maji naye ni shahidi, na sijaona mtu anayeacha kumtupia kamba mvuvi anayezama ziwani.

Tazama Badr, mwaka wa 2 Hijria. Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa na mke mgonjwa, Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Mtume akamwamuru abaki amuuguze, akamhesabia ujira na fungu sawa na aliyehudhuria. Vita vya Badr, ndugu yangu! Wewe unashindwa kuacha mzigo sokoni?

Kombe mnywesheni, dua someni, sina ugomvi, mradi gari lisisubiri. Ila zile dawa za mizizi za kuongeza uchungu ziacheni kabisa. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka.

Mimba ikifika miezi saba, mwambie mkeo mbele ya mama yako: hali ikibadilika nendeni, msinisubiri. Nauli iwe mkononi mwake, si kwenye simu yako. Dereva wa bajaji wa usiku ajulikane mapema. Na damu haitengenezwi kiwandani, inatoka kwa watu. Nyinyi mnaowahi safu ya mbele kila Ijumaa, majina ya wachangia damu naanza kuyaandika kwenu, wiki hii baada ya swala.