ZECO ni duka lenye muuzaji mmoja

Vijana wenzangu, umeme ukikatika Unguja mitandaoni huwa ni matusi tu kwa ZECO. Nafahamu, na mie natukana. Lakini hebu leo tuitazame ZECO kama biashara, maana bila ya kuijua biashara yake hatutajua tumdai nani kitu gani.

ZECO ni duka, halina kiwanda. Karibu umeme wote unaoingia kwenye mita yako ya Tukuza umenunuliwa kwa jumla kutoka TANESCO, ukapitishwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Muuzaji mmoja, njia moja ya mzigo, na wateja ambao hawana pa kwenda.

Wazee walioamua hivi hawakuwa wajinga, tusiwaonee. Kebo ya kwanza ilipolazwa mwaka 1980, yenye uwezo wa megawati 45, umeme wa maji wa Bara ulikuwa rahisi kuliko kuchoma dizeli hapa. Ilikuwa hesabu nzuri. Kosa ni kwamba baada ya hesabu ile siye tukalala. Mwaka 2006 ikatungwa sheria, shirika likaitwa ZECO, jina jipya kwa duka lilelile.

Halafu bahari ikatufundisha. Mei 2008 umeme ukakatika Unguja nzima, karibu mwezi. Ukarudi. Disemba 2009 ukakatika tena, na mara hii ni miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, watu wakarudi visimani na ndoo. Wenye hoteli wakanunua majenereta. Fundi wa kuchomelea na mama anayeuza barafu wakafunga kazi. Pemba hawakuguswa kwa sababu wakati ule walikuwa na majenereta yao Wesha. Mwaka huohuo 2010 na wao wakaungwa kwa kebo kutoka Tanga, na tukashangilia. Sikatai, dizeli ni ghali na kebo iliwasaidia sana Wapemba. Ila hakuna aliyeuliza: na hii ikikatika je?

Mwaka 2013 Unguja ikapata kebo mpya ya megawati 100 kwa fedha za Wamarekani. Njia ya mzigo ikawa pana, lakini muuzaji ni yuleyule.

Ndiyo maana 2017 tukapigwa bila kebo kuguswa. Rais Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie wadaiwa wote, Zanzibar ikiwamo, kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 120. Rais Shein akajibu kuwa wakikata tutawasha vibatari. Watu wakapiga makofi. Mie nasema jibu lile lilikuwa ni kukiri kwamba hatuna kitu mkononi. Mnunuzi mwenye pengine pa kununua hajibu kwa kibatari, anajibu kwa bei. Na bei ndiyo ilikuwa kiini cha ugomvi: miaka mingi tulilalamika kwamba TANESCO wanatuuzia ghali, mpaka jambo hili likaingia kwenye kero za Muungano. Mwaka 2019 Serikali ya Muungano ikafuta deni la VAT la bilioni 22.9. Ahsante, lakini kusamehewa si kujadiliana.

Sasa wapo watakaosema Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme umejaa, wasiwasi wa nini? Umeme kujaa Rufiji hakuongezi hata uzi mmoja kwenye kebo ya Fumba. Na muuzaji mwenye ziada bado ni muuzaji pekee.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa sekta ya umeme ya Zanzibar, ndani yake mkiwa na umeme wa jua na betri za kuuhifadhi. Hapo ndipo pa kukamata. Jua la Makunduchi halina bili ya TANESCO. Hata megawati chache za kwetu zinabadilisha mazungumzo ya bei, na zinaweza kuendesha pampu za maji na hospitali ya Mnazi Mmoja kebo ikileta matatizo.

Kwa hiyo bajeti ya wizara ya nishati ikisomwa Barazani, wacheni kusikiliza nguzo ngapi zimesimikwa. Mwandikieni mwakilishi wako, wa chama chetu au wa kwao, aulize mawili: mkataba wa ZECO na TANESCO uko wapi tuusome, na megawati ngapi zitazalishwa ndani ya visiwa hivi mwaka huu wa fedha.