Kipimo Kiende Gereji, Kisibaki Maabara

Kaa na sisi wa uhandisi mitambo muda wa chai tu, utaisikia kauli hii: kabureta imekufa. Eti ni mambo ya babu, siku hizi injini inaendeshwa na kompyuta, kwa hiyo mada ya kabureta unaikariri usile sapu, kisha unaisahau. Mimi nasema hiyo ni kauli ya mtu asiyetoka nje ya geti la chuo. Nenda Munanila, kule juu karibu na mpaka wa Burundi, uangalie bodaboda zinavyopandisha magunia ya maharage na mikungu ya ndizi. Nyingi zinakunywa mafuta kupitia kabureta, na mafuta hayo mwenye pikipiki anayalipia kabla hajampata abiria wa kwanza.

Hata Marekani kabureta haijafa zamani kihivyo. Magari ya mbio za NASCAR katika daraja la juu yalitumia kabureta hadi msimu wa 2011. Yale ya Pro Stock, yanayoshindana mbio fupi za mstari ulionyooka, yaliendelea nayo hadi 2015. Na watu wa mbio fupi wenye kabureta hawabahatishi. Wanafunga kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi, wanasoma namba kwenye saa yake, wanabadilisha jeti, wanajaribu tena. Mbio zinaisha ndani ya sekunde chache, sikio haliwezi kukuambia nini kimetokea katikati.

Namba yenyewe ni rahisi. Ili petroli iungue yote bila hewa wala mafuta kubaki, kilo 1 inahitaji hewa kama kilo 14.7. Ukitaka nguvu za kupanda mlima na mzigo, unaongeza mafuta kidogo, unashuka hadi 12.5 au 13. Ukitembea taratibu tambarare, unaweza kukaa kwenye 14.7 au kupita hapo kidogo, ukabana matumizi. Chini ya 12 unachoma hela na kujaza plagi masizi. Ukiwa juu sana na huku umefungua mafuta yote, injini inachemka, na mwisho wake ni pistoni kutoboka.

Sasa tuje Munanila. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Buhigwe vinafika mita 1,500 na zaidi. Kwa hesabu za angahewa ya kawaida, hewa ya mita 1,500 ni nyepesi kwa asilimia 7 hivi kuliko ya pale ziwani, na kwa asilimia 14 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta haina habari hiyo. Inapima hewa kwa ujazo wake, mafuta inaendelea kuyamwaga. Pikipiki iliyosetiwa vizuri kwenye 13 pale Dar, ikifika Munanila itakuwa inakaribia 12. Hakuna kilichoharibika. Ni mlima tu.

Mafundi wa huko juu hawakusomea hesabu hii, ila jibu wanalijua. Fundi anafungua plagi, anaiangalia rangi. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Kahawia, mambo safi. Nyeupe, hewa nyingi. Na wapo wanaotumbukiza uzi mwembamba wa shaba kwenye tundu la jeti ili mafuta yapungue. Huku chuoni ukiisimulia habari ya uzi watu wanacheka, wanasema ni ufundi wa kienyeji. Mimi sicheki. Kwa pikipiki iliyosetiwa pwani, kupunguza mafuta Munanila ndiyo njia sahihi kabisa. Kasoro ni moja: uzi hauna kipimo. Fundi anajua aelekee wapi, hajui asimame wapi. Na dereva huyohuyo kesho anashuka na lami ya Manyovu hadi Mwandiga na Kigoma mjini, anakutana na hewa nzito, mchanganyiko unakuwa mwepesi zaidi. Aliyesetiwa 13 huko juu atafika na 13.5, hana tatizo. Aliyewekewa uzi hadi 15 akishuka anakaribia 15.6, na akirudi na mzigo kwa mafuta yote anapika injini yake.

Hapo ndipo kipimo kinapohitajika, na hapo ndipo sisi tunapotakiwa kuwa. Badala yake, miradi ya mwaka wa mwisho tunaifanyia kwenye injini ya maabara ambayo haijawahi kubeba hata debe la maji. Ripoti inafungwa jalada gumu, inapata alama, inapangwa kabatini.

Pendekezo langu ni hili. Chama chetu cha wanafunzi wa uhandisi kinunue kipimo kimoja. Bei yake inakula sehemu kubwa ya bumu la mtu mmoja, lakini tukichanga watu 20 hakuna atakayelala njaa. Likizo ndefu kikundi kiende nacho Buhigwe, Kasulu na Kibondo, kikae gereji, kipime pamoja na mafundi. Matokeo yawe jedwali moja la Kiswahili la kubandika ukutani: aina ya pikipiki, mwinuko, namba ya jeti. Jeti sahihi ni kitu kidogo, na uzi wa shaba utapumzika.

Kipimo nacho kina ujanja wake, na twende tukijua hilo. Ekzosi ikiwa na tundu inavuta hewa ya nje, saa inadanganya kwamba mafuta ni machache. Plagi ikikosa moto, oksijeni inapita bila kuungua, saa inadanganya vilevile. Pikipiki ya silinda moja ikinguruma bila mwendo, hewa inarudi kupitia mdomo wa ekzosi, kwa hiyo usiamini namba ya hapo. Ipime ikiwa na mzigo, ikipanda. Na kihisi kinajipasha moto kwa umeme wa betri, betri dhaifu haitakibeba. Ndiyo maana fundi na plagi yake lazima wawepo. Namba na rangi zikipingana, tunatafuta tundu kwanza, jeti baadaye.

Kuna watakaosema pikipiki za umeme zinakuja, tunajisumbua bure. Zije, tutazipokea. Lakini zilizopo barabarani leo hazitageuka vyuma chakavu mwaka huu, na anayeendesha leo anataka kula leo. Tena kompyuta ya injini mnayoisifia inafanya kazi hiihii: inasoma kihisi, inarekebisha mafuta. Asiyeelewa kwenye kabureta, kule atabonyeza vitufe tu.

La mwisho ni jina. Ripoti itakapoandikwa, majina ya mafundi yakae kwenye jalada pamoja na yetu. Wao walijua kwamba mlima unataka mafuta machache kabla sisi hatujajua kusoma jedwali.