Viini Kumi na Sita Havitamaliza Foleni Yetu



Kwenye orodha ya vitu tunavyotaka kuomba kwa ajili ya studio, namba moja tumeandika: kompyuta moja yenye prosesa ya viini 16. Mimi sikubaliani, na nataka niseme kwa nini kabla ombi halijaondoka. Sisemi mashini kubwa ni mbaya. Ila kwa makadirio yangu pesa hiyo inaweza kutupatia mashini mbili za kawaida, betri ya kushikilia umeme unapokatika, na siku kadhaa za kufundishana. Hivyo ndivyo vitakavyotoa nyimbo.

Tuanze na kiini chenyewe. Zamani prosesa ilikuwa na kiini kimoja, yaani fundi mmoja ndani anayefanya hesabu zote. Kila mwaka watengenezaji walimwongezea mbio. Ilipofika mwaka 2004 joto likawazidi, hata Intel ikaacha mpango wake wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Kuanzia 2005 wakaanza kutuuzia mafundi wawili ndani ya prosesa moja, baadaye wanne, wanane, na kuendelea. Tukazoea kuhesabu viini kama mtu anavyohesabu ng'ombe: wengi ndiyo utajiri.

Lakini fundi wengi hawasaidii kama kazi haigawanyiki. Hapa Rumonge tunajua mafuta ya mawese yanavyopatikana. Kuchambua chikichi kutoka kwenye mikungu, hata watu ishirini mnaweza kukaa pamoja, kila mtu na mkungu wake. Lakini zile zilizoingia kwenye pipa lazima zichemke kwanza, ndiyo ziponde, ndiyo zikamuliwe. Huwezi kumwita mtu wa kukamua wakati moto ndiyo kwanza unawashwa. Ataketi tu.

Wimbo ndani ya programu ya kurekodia ni vilevile. Ngoma, besi, gitaa na sauti ni mikungu tofauti, kila traki inaweza kupewa kiini chake. Ila ukichukua traki ya sauti ukaipangia efekti sita, ya pili inasubiri ya kwanza imalize, ya tatu inasubiri ya pili. Mstari huo wote unabebwa na kiini kimoja. Na mwisho traki zote zinamwagika kwenye chaneli kuu, kama mafuta yote yanavyoishia kwenye pipa moja. Ukiweka efekti nzito hapo, viini vingine vinaangalia tu.

Tena kuna saa inayowakimbiza. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa ya 256, kompyuta iko na milisekunde 5.8 tu za kumaliza hesabu ya kila kipande. Ikichelewa, unasikia mkwaruzo. Ndiyo maana unaweza kuona mashini inasema imetumia asilimia 30 na bado sauti inakatika. Watu wanashangaa, eti mashini imeharibika. Hapana. Kiini kimoja kimelemewa, vingine vimepumzika, na ile asilimia ni wastani wa vyote.

Programu zenyewe zinajitahidi. FL Studio, ile ya Image-Line ya Ubelgiji ambayo wakubwa wetu waliijua kwa jina la FruityLoops, iko na vibonyezo kwenye mipangilio ya sauti vya kuruhusu kazi isambazwe kwenye viini. Ableton Live inagawa traki zinazojitegemea, lakini zile zinazolishana inaziacha pamoja. Reaper inatangulia kupiga hesabu za traki ambazo hazirekodiwi wakati huo. Vizuri sana. Lakini hakuna programu inayoweza kukamua kabla ya kuchemsha.

Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alilieleza jambo hili, na leo wanaliita sheria ya Amdahl. Chukua mfano: kama robo ya kazi haigawanyiki, viini 4 vitaharakisha kazi yote mara 2.3 hivi. Viini 16 vitafika mara 3.4. Hata ukileta viini milioni, hutapita mara 4. Tumelipia viini mara nne, tumepata mara moja na nusu.

Sasa dawa iko wapi? Nyingi ni za bure. Ongeza bafa wakati wa kuchanganya, ipunguze wakati wa kurekodi. Tumia mwangwi mmoja kwa traki zote badala ya kuweka wake kwa kila traki. Traki iliyokamilika igandishe, yaani iwe sauti tupu, efekti zake zisihesabiwe tena. Ujanja huu siyo wa leo. Beatles walirekodi Sgt. Pepper's, albamu ya 1967, kwa mashini za tepu zenye traki nne tu. Zikijaa, waliziunganisha kwenye tepu nyingine, nafasi ikapatikana. Na singeli ya Dar es Salaam, ule muziki wa mbio unaopita mapigo 200 kwa dakika, ilikulia kwenye studio ndogo za mitaani. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, dunia ikacheza. Nani aliuliza ilikuwa viini vingapi?

Kuna wenzetu wanasema mashini kubwa itadumu zaidi, na itasaidia kuhariri video. Ni kweli. Na anayejaza wimbo ala nyingi za kompyuta ataona tofauti. Lakini tuangalie foleni yetu ilivyo. Mashini moja, mtu mmoja anayeijua vizuri. Siku yeye hayupo, hakuna kurekodi. Wasichana wanasubiri mpaka jioni, giza linakaribia, wanarudi nyumbani na wimbo wao kichwani. Kiini kilicholemewa hapa ni huyo mtu mmoja, na viini 16 vikifika vitamkalia yeye yule.

Mashini mbili ni foleni mbili. Watu wanne wanaojua ni zamu nne. Huo ndio mgawanyo wa kazi tunaoukosa.

Nanyi wa mashirika, kabla ya kununua, tuulizeni maswali matatu: ni wangapi wanajua kuitumia? Umeme ukikatika itakuwaje? Na kiini kimoja cha mashini hiyo kina mbio gani? La tatu haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini kwa sauti lina uzito kuliko idadi ya viini.

Wenzangu, tutakapokaa kupitisha orodha, naomba mstari wa kwanza ubadilike usomeke hivi: mashini mbili, betri moja, na mafunzo kwa watu wanne, wawili wao wasichana. Atakayepinga aje na hesabu yake, tutamsikiliza.