Asili ya Maneno ya Mitaani: Hadithi si Ushahidi

Katika stendi ya mabasi ya Moshi, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, mchuuzi anayetembeza bidhaa huitwa "machinga". Asili ya neno hilo huelezwa kwa namna mbili. Wengine hulihusisha na Wamachinga wa Mkoa wa Lindi, ambako vijana walitoka kwenda kuchuuza Dar es Salaam. Wengine hudai kwamba limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kijana apigaye kwata.

Maelezo hayo ya pili huchekesha, lakini utamu wa hadithi si ushahidi. Wako wasemao kwamba hata mji wa Moshi ulipewa jina kwa sababu ya moshi wa garimoshi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Lakini Mwingereza Harry Johnston, aliyekusanya mimea na wanyama wa Kilimanjaro mwaka 1884, alipokewa na Mangi Rindi katika nchi ambayo tayari iliitwa Moshi. Tarehe mbili zatosha kuiangusha hadithi hiyo, ijapokuwa hazituambii jina lilitoka wapi.

Waingereza nao wana msiba huo huo. Neno lao "posh", lenye maana ya kitu cha kitajiri, husemwa kuwa ni herufi za mwanzo za maneno manne yaliyogongwa katika tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kwenda India na kurudi, wakikaa upande wa kivuli. Tiketi ya namna hiyo haijapatikana, na watungaji wa kamusi huandika kwamba asili yake haina hakika.

Jambo hili si mchezo. Hadithi ya kwata ikikubaliwa bila ushahidi, huenda vijana wa Kusini wakafutwa katika historia ya biashara ya taifa. Hata hivyo, kuyapokea maelezo ya Lindi kwa huruma tu si sayansi pia. Kamusi ya Oxford hutaja mwaka ambao neno lilionekana kwanza katika maandishi. Kamusi za Kiswahili zapaswa kufanya vivyo hivyo. Wanafunzi na wazee wa Moshi waweza kuanza leo, kwa kuandika neno, mahali na mwaka. Mpaka hapo, "asili haijulikani" ni jibu la kisayansi, wala si aibu.