Kukakamaa: Neno Moja, Maradhi Mawili

Kiswahili kimejaaliwa utajiri wa maneno ya kuutaja mwili wa binadamu, lakini kiungo kisiponyooka sisi hutosheka na neno moja tu. Mkono wa mzee aliyepatwa na kiharusi umekakamaa. Miguu ya mtoto mwenye utindio wa ubongo imekakamaa. Kidole kilichoungua kikapona kikiwa kimejikunja, nacho kimekakamaa. (Askari shupavu naye twamsifu kwa ukakamavu, ila hilo tuliache.) Katika mazungumzo ya nyumbani hapana dhara. Dhara huzuka neno hilo linapofikishwa kwenye duka la dawa.

Madaktari hutenganisha hali mbili, ambazo hapa nitaziita mkazo na mfupiko. Katika mkazo, ubongo au uti wa mgongo umedhurika, na neva zinauamuru msuli ujikaze hata usipotakiwa. Katika mfupiko, msuli, kano au ngozi imepungua urefu na kuwa ngumu, ama kwa kukaa imekunjwa muda mrefu, ama kwa kovu. Mkazo usiposhughulikiwa aghalabu huzaa mfupiko, na kiungo kimoja huweza kuwa na yote mawili. Ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya. Hata hivyo, mgonjwa akitiwa nusukaputi, mkazo hulegea, ilhali mfupiko hubaki vile vile.

Sasa tuzitazame dawa. Baklofeni, iliyobuniwa Uswisi mwaka wa 1962 kwa nia ya kutibu kifafa, hupunguza amri za neva katika uti wa mgongo. Diazepamu nayo hutuliza neva, ingawa huleta usingizi na huweza kumfanya mtu awe mtumwa wake. Sumu ya botulini hudungwa katika msuli wenyewe na kuzuia ujumbe wa neva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Zote hizi ni dawa za mkazo. Hakuna hata moja inayorefusha kano iliyokwisha kufupika.

Ipo dawa inayoishambulia tishu yenyewe, nayo ni kolajenesi, kimeng'enya kitokacho kwa bakteria. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2010 kwa ugonjwa wa Dupuytren, ambao hukunja vidole kwa ugumu unaoota chini ya ngozi ya kiganja na ambao umeenea hasa miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Si dawa ya goti la mtoto wa Bungoma.

Hata kunyoosha viungo, jambo ambalo wengi wameliamini, hakukuonekana kuwa na faida ya maana kwa mfupiko katika mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2017, angalau kwa muda usiozidi miezi saba. Mara nyingi kinachosalia ni kisu cha mpasuaji kuirefusha kano, kazi inayofanyika hapa nchini, mathalani katika hospitali ya mifupa ya watoto iliyofunguliwa Kijabe mwaka wa 1998.

Mzazi anayeambiwa tu kwamba amepewa "dawa ya kulegeza misuli" atayajuaje hayo? Atanunua vidonge mwezi baada ya mwezi, akingoja goti linyooke. Asipoona mabadiliko atavikatiza ghafla, na baklofeni ikikatizwa ghafla huweza kuleta degedege na maruweruwe. Mwingine atamsikia jirani akilalamika kwamba dawa hizo ni bure, amnyime mgonjwa wake ambaye mkazo wake ungalitulizwa mapema.

Naomba basi kila kliniki iandike kwenye kadi ya mgonjwa, kwa Kiswahili, ni mkazo, ni mfupiko, au ni yote mawili, na dawa iliyotolewa ni ya kipi kati ya hivyo. Wenzangu wa idara za Kiswahili wakiona neno "mfupiko" halifai, na walete jingine; hata hilo halitagharimu zaidi ya wino.