Usingizi wa Jukwaani

Huenda umepata kumwona mfanya mazingaombwe akimlaza kijana jukwaani kwa maneno matupu, naye kijana akasahau hata jina lake. Je, ni kweli, au wamekwisha kupatana?

Wapo wanaopatana, tusifichane. Lakini wengine hawaigizi. Huchaguliwa walio wepesi wa kutii, na hali yao si usingizi hasa, kwani husikia kila neno. Mwaka 1784, tume ya mfalme wa Ufaransa iliwafunga vitambaa machoni watu waliodai kuzidiwa na nguvu alizozihubiri daktari Mesmer. Walizidiwa walipodhani wanafanyiwa, hata kama hawakufanyiwa lolote. Walipofanyiwa bila kujua, walitulia.

Wazee wa Kasulu na Kibondo hawatastaajabu. Katika Buha ya zamani, aliyebandwa na mizimu alinena na kutenda asiyoyathubutu siku nyingine, mbele ya jamaa waliomtazamia hayo. Kumwita mwongo ni kutomwelewa.

Basi msanii wa mjini akijigamba kwamba nguvu zake zimetoka kwa waganga wa Kasulu, kisha akafungua mkoba wa dawa za kuuza, mwombe kwanza amlaze mtu asiyejua kwamba analazwa. Fedha ya unga na ikae mfukoni hadi atakapofaulu.